Kuchonga, kuunda, kuunganisha au kufufua? Njia nne za kuanza na vyombo vya mfano

Waulize watu watatu wanaopenda vyombo vya mfano, yaani mashua na meli ndogo za kuiga zile kubwa, wakuelekeze pa kuanzia, utapata majibu manne. Wa kwanza atakuambia tafuta kipande cha msufi na patasi, uchonge ngalawa. Wa pili atasema hiyo ni kazi ya watoto, chombo ni mkuku (uti wake wa chini), mataruma (mbavu zake) na mbao. Wa tatu atakuonyesha kwenye simu picha ya boksi lililotoka Hispania, kila kitu ndani kimeshakatwa. Kisha mmoja wao akiwa anaaga atakumbuka kwamba kwa bibi yake kuna jahazi dogo lililovunjika foromali, ule mti unaoshika tanga, na kwa nini usianze na hilo?

Kila njia kati ya hizo ina watu wake, na kila moja ina watu walioiacha katikati na chombo nusu kikiwa chini ya kitanda. Ukiniuliza mimi, kinachowatenganisha si wepesi wa mkono. Ni namna kosa linavyolipwa. Makosa yatakuwepo tu. Kwenye gogo, ulichokwisha kukiondoa hakirudi. Kwenye mbao, unabandua ubao mmoja unakata mwingine. Kwenye boksi, kipande kilichovunjika kipo kiwandani, ng'ambo. Na kwenye chombo cha kufufua, kosa lako linaiangukia kazi ya mtu mwingine, ambaye pengine hayupo tena kuirekebisha. Ukijijua ni la namna gani kati ya hayo unaloweza kulivumilia, nusu ya uamuzi umeshaufanya.

## Tutazipimaje

Nitazipitisha zote nne kwenye vigezo vile vile: mali na vifaa vinavyohitajika, mahali na muda, kosa likitokea, na chombo chenyewe kitaishi wapi, majini au kabatini. Baadaye nitasema kila moja humfaa nani.

Kigezo cha maji au kabati kinataka maelezo zaidi, kwa sababu ndicho kinachowakwamisha wengi bila kujua. Chukua jahazi la mita 12 lenye uzito wa tani 8, ulipunguze kwa kipimo cha 1:20. Urefu unakuwa sentimita 60, hapo hakuna tatizo. Lakini uzito umepungua mara 20 kwa urefu, mara 20 kwa upana na mara 20 kwa kina, yaani mara 8,000. Tani 8 zimekuwa kilo 1. Tanga nalo limepungua mara 400: la mita za mraba 60 limekuwa 0.15, sawa na kitambaa cha sentimita 50 kwa 30. Kisichopungua ni upepo. Upepo wa kusi ni ule ule kwa jahazi na kwa kijahazi.

Ukizidisha kila nguvu kwa mkono wake, yaani umbali wake kutoka pale chombo kinapopindukia, matokeo ni kwamba chombo kilichopunguzwa mara 20 ni chepesi kupinduka mara 20 kuliko kile kikubwa, kwa upepo ule ule. Ndiyo maana mfano sahihi kabisa wa jahazi, wenye tanga la kipimo chake halisi, ukiutia majini hulala ubavu upepo wa kwanza ukipita. Anayetaka chombo chake kisafiri ana mambo mawili ya kufanya: apunguze tanga, au aongeze chini ya mkuku bapa refu lenye risasi (ile metali nzito) mwishoni. Chubwi za wavuvi zinafaa sana kwa kazi hiyo. Ngalawa imesalimika kwa sababu mirengu yake, ile miti ya pembeni inayoelea, inaishika pande zote mbili, na kwa hiyo ngalawa za watoto huwa zinakwenda vizuri kuliko majahazi ya watu wazima.

Basi amua mapema. Chombo cha kabatini kinataka usahihi wa kila kamba. Cha majini kinataka uzito chini, rangi isiyopitisha maji na kamba chache zisizonasa. Ukivitaka vyote viwili katika chombo kimoja cha kwanza, utapata kisichopendeza sebuleni na kisichokwenda majini.

## Kuchonga kutoka kipande kimoja

Mali na vifaa. Hii ndiyo ya gharama ndogo kuliko zote, na ina heshima yake: ngalawa na mtumbwi wenyewe huchongwa kutoka gogo, mara nyingi la mwembe, kwa hiyo mfano wako unapita njia ile ile uliyopita mkubwa wake. Kwa anayeanza, msufi unakatika kirahisi kwa kisu, ingawa kingo zake zikiwa nyembamba hazina nguvu. Mwembe ni wa wastani. Mvule unavutia macho lakini ni mgumu, na vumbi lake huwasha ngozi na kubana vifua vya baadhi ya watu. Vaa barakoa, na usipige msasa ndani ya chumba unacholala. Vifaa ni tezo ndogo au panga la kuondolea sehemu kubwa ya nje, patasi mbili, moja iwe na mdomo wa mviringo kwa ajili ya kukomba ndani, kisu kikali, na msasa wa kuanzia mkwaruzo hadi laini. Mafundi samani hubakiwa na vipande kila siku. Ukienda kwa adabu na kueleza unachotaka, mara nyingi utapewa.

Sharti moja halina njia ya mkato, nalo ni mti kuwa mkavu. Gogo bichi hupasuka likikauka, na lina tabia ya kupasuka baada ya wewe kumaliza kazi. Paka nta au rangi kwenye vichwa vyake viwili ili unyevu utoke polepole, liweke kivulini penye upepo, kisha lisahau kwa miezi. Asiye na subira hiyo achukue njia ya kati: mbao tatu au nne kavu, kila moja ikatwe kwa umbo la tabaka lake na katikati iachwe wazi, halafu zilazwe moja juu ya nyingine na kugandishwa kwa gundi. Kazi ya kukomba inapungua sana, na hatari ya kupasuka pia.

Mahali na muda. Kibaraza kinatosha, alimradi uwe tayari kufagia. Ngalawa ya sentimita 40 inaweza kuisha ndani ya Jumamosi chache za mtu mwenye kazi nyingine.

Kosa likitokea. Hapa ndipo gogo linapokuwa na roho ngumu. Upande mmoja ukiwa mwembamba kuliko mwingine, dawa pekee ni kupunguza ule mnene, na ukiendelea hivyo utajikuta na kijiko. Kata kadibodi kwa umbo la nusu ya chombo, sehemu tatu au nne kuanzia omo (mbele) hadi tezi (nyuma), na uipime kila upande kwa kadibodi hiyo hiyo. Kwa unene, ipo mbinu ya wachongaji wa mitumbwi katika nchi nyingi: toboa kutoka nje vitundu vidogo vya kina sawa na unene unaoutaka, uvizibe kwa vijiti vilivyopakwa rangi. Unapokomba ndani ukakutana na ncha ya kijiti, umefika. Simama.

Maji au kabati. Maji, bila shaka. Gogo ni zito chini na halina viungo vya kuvuja. Kabatini litaonekana la kawaida mpaka ulitie matanga na kamba vizuri.

Humfaa nani. Humfaa anayependa kufikiri kwa mikono, mwenye bajeti ndogo, na mwenye watoto wanaotaka kuona kitu kikielea kabla hawajachoka kusubiri. Kwa wadogo kabisa hata gogo si lazima. Watoto wa pwani wamekuwa wakiunda vyombo kwa makumbi ya nazi na ndara zilizokatika tangu zamani. Tanga la mfuko wa plastiki limekuwa adimu baada ya mifuko kupigwa marufuku Kenya mwaka 2017 na Tanzania Bara mwaka 2019, lakini kipande cha kiroba kinafanya kazi ile ile, tena kwa nguvu zaidi.

## Kuunda kwa mkuku, mataruma na mbao

Mali na vifaa. Hapa unaunda chombo kama chombo. Unakata mkuku, unasimamisha hanamu mbele na fashini nyuma, unapanga mataruma, halafu unavisha mbao za unene wa milimita moja na nusu hadi mbili. Usijaribu kukata mbao nyembamba hivyo kwa msumeno wa mkono. Peleka kipande kilichonyooka kwa seremala mwenye mashine, umlipe akuchanie. Vijiti vya mishikaki vinakuwa vigingi na vipande vya foromali. Tanga ni bafta, iliyochemshwa kwenye chai ya rangi ili isiwe nyeupe kama sanda. Kamba ni uzi wa pamba uliopitishwa kwenye nta usiote manyoya. Utahitaji pia vibanio vya nguo, na idadi utakayonunua haitatosha.

Gundi nyeupe ya mbao inatosha kwa chombo cha kabatini. Cha majini kinataka epoksi au gundi isiyoogopa maji.

Mahali na muda. Unahitaji meza ambayo hutalazimika kuiondoa wakati wa chakula, kwa sababu mbao zilizobanwa zinaachwa mpaka kesho. Muda ni miezi. Kuna wanaofika mwaka, na hawalalamiki.

Ramani ya chombo huwasumbua watu kuliko ubao wenyewe. Mafundi wetu kwa jadi hawana michoro ya karatasi. Wanaanza na mkuku, hanamu na fashini, wanapandisha mbao za chini kwa jicho na uzoefu, na mataruma huchongwa baadaye kufuata umbo ambalo mbao zimeshalitoa. Anayeunda mfano mara nyingi hupita kinyume: anakata viunzi vya plaiwudi kwanza kufuata mchoro, ndipo anavisha mbao. Kwa chombo cha kwanza nakushauri upite kinyume kama waundaji wa mifano, kwa sababu jicho la fundi wa Matondoni, Lamu, au wa Nungwi, Unguja, limefunzwa tangu utotoni na huwezi kuliazima. Lakini nenda ukaone. Maji yakiwa yametoka na chombo kimelala mchangani, msalimie mwenyewe, "Shikamoo mzee," umweleze nia yako, uombe kupima. Nyoosha utepe kuanzia omo hadi tezi, kisha kila baada ya mita moja pima upana wa juu, upana wa katikati na kina. Piga picha ukiwa umesimama sawa na katikati ya ubavu, mbali iwezekanavyo. Vipimo hivyo na picha tatu ni ramani ya kutosha kabisa, tena ni ya chombo unachokijua kwa jina.

Kosa likitokea. Njia hii ndiyo yenye huruma kuliko zote. Ubao uliokaa vibaya unabanduliwa. Gundi nyeupe hulegea kwa maji ya moto au siki, ukaanza upya na hasara ni ubao mmoja. Kosa lisilosameheka ni moja tu, mkuku uliopinda. Ukiweka mataruma juu ya mkuku uliopinda, chombo kizima kitaufuata na hakuna msasa utakaolificha hilo. Lala chini utazame kwa jicho moja kabla ya kugandisha chochote.

Kukunja mbao huogopwa bure. Loweka ubao kwenye maji ya moto, au ushikilie juu ya mvuke wa birika, uukunje polepole kwenye kitu cha mviringo, uufunge hapo ukauke. Ukisikia mlio, umeharakisha.

Maji au kabati. Vyote vinawezekana, kwa vyombo viwili tofauti. Cha kabatini kinaweza kuachwa upande mmoja bila mbao ili mataruma yaonekane. Cha majini kizibwe kila mshono na kitiwe farumi (uzito wa kukituliza) ya chubwi kwenye ngama, yaani ndani chini kabisa.

Na kwa anayetaka kupimwa imani, kuna mtepe. Hauna msumari hata mmoja. Mbao zake zilishonwa kwa kamba ya nazi, na tanga lake lilikuwa mkeka wa mraba. Miongo ya mwanzo ya karne ya 20 ilipopita, mitepe ilikuwa imetoweka baharini, na leo anayetaka kujua ulivyokuwa hutegemea picha za zamani, maandishi na mifano midogo kama ile iliyomo katika makumbusho ya Lamu. Tafakari hilo kidogo: chombo kikubwa kimekwisha, kidogo ndicho kinachotoa ushahidi. Kushona mtepe wa sentimita 50 maana yake ni mamia ya vitundu vinavyotakiwa kulingana ubao kwa ubao. Usiwe wa kwanza kwako. Ukiwa wa tatu, utakuwa na jambo la kujivunia.

Humfaa nani. Humfaa mwenye subira ya jioni fupi nyingi, anayetaka kuelewa chombo kinashikana vipi, na anayeishi karibu na pwani au ziwa ambako vyombo halisi vya kupima vipo.

## Boksi la kuunganisha

Kabla hujaliita boksi kitu cha wageni, kumbuka Liemba, meli ya Ziwa Tanganyika. Meli hiyo iliundwa mwaka 1913 huko Papenburg, Ujerumani, ikafunguliwa vipande, ikapakiwa kwenye maelfu ya makasha, ikavushwa bahari hadi Dar es Salaam na kupelekwa Kigoma kuunganishwa. Iliingia ziwani mwaka 1915 ikiitwa Graf von Götzen. Mwaka uliofuata Wajerumani wenyewe waliizamisha. Ikaibuliwa mwaka 1924 na kurudi kazini mwaka 1927 kwa jina tunalolijua. Ukiiangalia hivyo, imepita njia ya tatu na ya nne ya makala hii katika maisha yake mwenyewe.

Mali na vifaa. Yapo makundi mawili. La kwanza ni maboksi ya mbao, yenye viunzi vilivyokatwa kwa leza, fito za kuvisha, uzi, vifaa vya shaba na kitabu cha maelekezo. Billing Boats ya Denmark, Amati ya Italia, na OcCre na Artesanía Latina za Hispania ndizo zinazotajwa sana. Meli utakazozikuta zaidi ni za Ulaya, kama Cutty Sark na Victory. Mpenzi wa vyombo vyetu ana uchaguzi mdogo, ingawa Artesanía Latina imewahi kutoa jahazi la Kiarabu liitwalo Sultan. La pili ni maboksi ya plastiki, hasa ya meli za kivita na za abiria, kwa vipimo vya 1:350 au 1:700. Haya ni ya bei ndogo, lakini yanahitaji gundi yake maalumu, rangi na brashi nyembamba.

Bei ya boksi la mbao huanzia makumi ya dola na kupanda hadi mamia. Kwa aliye Afrika Mashariki, ongeza usafirishaji na ushuru wa forodha, ambavyo vikijumlishwa vinaweza kukaribia bei ya boksi lenyewe. Aliye Ulaya, Marekani au Ghuba ananunua na kupokea mlangoni. Tofauti hiyo peke yake inatosha kubadili uamuzi.

Mahali na muda. Kona ya meza, taa nzuri, trei ya kupokea vipande vinavyoanguka. Hakuna kelele wala vumbi la kusumbua jirani, na kwa mwenye fleti ghorofa ya nne hilo ni jambo kubwa. Plastiki ni wiki kadhaa. Mbao ni miezi, kama kuunda, ila bila kazi ya kukata.

Kosa likitokea. Vipande vinahesabika. Ukivunja kimoja, unaandikia kampuni na kusubiri, au unakichonga upya, na hapo ghafla umekuwa mwundaji uliyekuwa hutaki kuwa. Wengi hukosea kwa kuruka hatua za kitabu. Soma chote kabla ya kufungua gundi, na hesabu vipande siku ya kwanza ukiwa bado na haki ya kulalamika.

Maji au kabati. Kabati. Maboksi mengi ya mbao yameundwa kwa kutazamwa. Yapo ya kuendeshwa kwa redio na injini ya betri, lakini huo ni ulimwengu mwingine wenye gharama zake.

Humfaa nani. Humfaa anayeanza bila mtu wa kumwelekeza, kwa sababu kitabu kinamshika mkono. Humfaa pia asiye na karakana, na anayetaka meli mahususi ya historia yenye maelezo madogo madogo. Asiyeweza kulipa ushuru lakini anaipenda njia hii ajaribu mifano ya karatasi: unachapa ramani kwenye karatasi ngumu, unakata na kukunja. Watu huidharau mpaka waione iliyokamilika.

## Kufufua chombo cha zamani

Mali na vifaa. Chombo kwa kawaida kipo tayari: juu ya kabati la ukoo, kwenye stoo ya hoteli, au zawadi iliyoletwa na mjomba kutoka Sur, Oman, zamani. Vifaa ni vidogo: brashi laini, pamba, koleo nyembamba, uzi, gundi inayoweza kulegezwa baadaye, na kamera. Kamera ndiyo ya kwanza. Piga picha kila upande, kila fundo, kabla hujapangusa hata vumbi.

Kisha jiulize una nini mkononi. Vipo vya aina tatu. Kuna kilichotengenezwa kuuzwa kwa watalii, ambacho unaweza kukirekebisha upendavyo. Kuna cha familia, ambacho thamani yake ipo kwenye kumbukumbu, na kila mabadiliko yaulizwe kwa wenyewe. Na kuna kilichoundwa na fundi wa vyombo halisi kwa vipimo vyake, ambacho ni ushahidi kama ule wa mitepe. Cha aina ya tatu usikiguse kabla ya kuuliza makumbusho. Fort Jesus, Mombasa, ina maabara ya uhifadhi iliyoshughulikia vitu vilivyotolewa katika Santo António de Tanná, meli ya Kireno iliyozama mbele ya ngome hiyo mwaka 1697. Swali lako halitakuwa geni kwao.

Mahali na muda. Nafasi ndogo, muda usiotabirika. Unafungua kazi ya siku moja, unakuta bungua, wadudu wanaotoboa mbao.

Kwa bungua, ukiona unga mpya chini ya vitundu, funga chombo kwenye mfuko wa plastiki usiopitisha hewa na ukiweke kwenye friza kali ya nyuzi 20 chini ya sifuri kwa wiki mbili. Ukikitoa, acha mfuko umefungwa mpaka chombo kirudie joto la chumba, la sivyo unyevu utakilowesha. Dawa ya kupuliza huacha madoa kwenye rangi na tanga.

Kosa likitokea. Hapa ndipo pagumu. Kosa la kawaida ni bidii iliyozidi: mtu anakwangua rangi ya zamani "kuonyesha mbao", anapaka vanishi inayong'aa, anatupa kamba zilizooza bila kupima zilivyofungwa. Anabaki na chombo kipya kilichovaa mwili wa zamani. Kanuni ya wahifadhi ni kutofanya usichoweza kukifuta. Tumia gundi inayolegea, kamwe usitumie supagluu kwenye mbao kuukuu. Usafi uanze na brashi kavu, halafu pamba iliyoloweshwa kidogo. Mate kwenye pamba, usishangae, hutumiwa na wahifadhi wa makumbusho kwa sababu yana vimeng'enya vinavyolainisha uchafu. Jaribu pembeni kwanza. Kipande ulichokibadilisha kiandike chini kwa penseli: mwaka na ulichofanya.

Maji au kabati. Kabati, na kabati lenyewe lichaguliwe. Kama chombo kina vipande vya risasi, usikifungie kwenye sanduku jipya la mbao lisilopumua. Mvuke wa tindikali kutoka kwenye mbao na gundi huigeuza risasi kuwa unga mweupe. Acha vitundu vya hewa, na uliweke mbali na dirisha la jua.

Humfaa nani. Mwenye mkono mwepesi na moyo wa upelelezi, anayefurahi kugundua kwa nini fundo fulani lilifungwa vile. Asiyependa kuzuiwa na kazi ya mwingine ataichukia njia hii kufikia wiki ya pili.

## Kwa hali yako

Una watoto na ufuko karibu: chonga ngalawa, ya mbao zilizolazwa kama huna gogo kavu. Weka mirengu mirefu kidogo kuliko kipimo kinavyotaka.

Unaishi ghorofani Nairobi, Muscat au London na huna karakana: boksi. Ukiwa nje ya Afrika Mashariki anza na la mbao la bei ya chini lenye mlingoti mmoja, usianze na Victory yenye milingoti mitatu na mamia ya kamba. Ukiwa Nairobi au Dar, piga hesabu ya ushuru kwanza, na ukiona haikubali, karatasi.

Umekulia pwani, unawajua mafundi na una meza ya kudumu: unda mashua ya mlingoti mmoja kwa kipimo cha 1:20. Kipimo hicho ni rahisi kichwani, kila sentimita 20 za chombo halisi ni sentimita 1 ya kwako.

Una chombo cha ukoo kilichoharibika na hujawahi kushika patasi: kipige picha, kipanguse vumbi, kifunike, kisubiri. Chonga au unda kimoja cha kwako kwanza, hata kibaya, ujifunze mbao na kamba zinavyokataa. Kama kina bungua, hilo lishughulikie leo, maana hao hawasubiri.

Mnataka kufanya kikundi, mfano shuleni: wagawieni wanafunzi mashua moja ya kupima na kuunda, kila mmoja na taruma lake. Wanaomaliza mapema wachonge ngalawa. Plaiwudi ya milimita 4 moja kubwa inatoa viunzi vya vyombo kadhaa, na seremala wa mtaani atavikata vyote kwa alasiri moja mkimpelekea michoro iliyokwisha kubandikwa juu ya ubao.